Kubadili Neno Moja Mara Elfu

Kila utawala uliofika huku kwetu Mara ulikuja na tahajia yake. Wajerumani walipoweka kituo chao karibu na ufuko wa Ziwa Viktoria waliandika Schirati. Mwanza wakaiandika Muansa, na Ujiji wakaiandika Udjidji. Waingereza walipoirithi nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaandika Shirati, Mwanza na Ujiji. Watu wa milima ya Tarime, ambao wenyewe hujiita Abakuria, wakawa Bakulia katika hati moja, Wakuria katika nyingine, na Wakurya katika ya tatu. Upande wa Serengeti, Ngoreme wa mwandishi mmoja ni Ngurimi wa mwingine. Nata huandikwa kwa t moja au kwa mbili, na Isenye kwa s moja au kwa mbili. Yeyote atakaye kujua habari za wilaya zetu hizi mbili hana budi kwanza azoee kuwa jina moja huvaa nguo nyingi.

Tangu nilipostaafu ualimu mkuu nimekuwa nikikusanya maandishi ya zamani: nakala za rejista za shule, kumbukumbu za vikao vya vijiji, taarifa za wakati wa ukoloni, na masimulizi ya wazee niliyoyaandika kwa mkono katika madaftari. Mjukuu wangu, aliyesomea mambo ya kompyuta Dar es Salaam, ameyapiga chapa na kuyaweka katika mafaili ya maandishi matupu, yaani mafaili yasiyo na mapambo yoyote, ila herufi na nafasi tu. Mafaili yalipofika mia kadhaa lilizuka swali. Je, tuyasawazishe majina yote, ili Schirati iwe Shirati kila mahali, na Kurya iwe Kuria kila mahali? Mjukuu akasema, "Babu, hiyo ni kazi ya dakika moja." Nami sikubishana naye, maana alikuwa anasema kweli. Lakini jambo linaloweza kufanyika kwa dakika moja si lazima liamuliwe kwa dakika moja. Nilitaka kwanza kujua chombo chenyewe kilitoka wapi, na watu waliotutangulia walibadilije maneno kabla chombo hicho hakijakuwapo. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Kubadili maneno kwa wingi si jambo geni katika historia ya Kiswahili. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakakubaliana kuwa lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa, na kuhakikisha kuwa lugha na tahajia vinalingana na kanuni zilizokubaliwa. Mwaka 1939 ikatoka kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Waandishi wa pwani walilalamika kuwa maneno yao yamekatwa na kushonwa upya na watu wasioizaliwa lugha hiyo, na malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Hata hivyo, kazi ile ilifanywa kwa jicho na kalamu. Msomaji wa mswada alilikuta neno, akalitazama lilivyokaa katika sentensi yake, ndipo akalifuta au akaliacha. Aliweza kukosea, lakini hakuweza kukosea mara elfu kwa pigo moja.

Mfano mkubwa zaidi ni wa mwaka 1964. Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 26 mwaka huo, na kwa miezi kadhaa nchi yetu ikaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Oktoba 29 likatangazwa jina jipya, Tanzania. Fikiri, msomaji, ni karatasi ngapi zilizokuwa na neno Tanganyika siku ile: sheria, mihuri, stempu, vitabu vya jiografia, ramani zilizotundikwa madarasani. Tungekuwa na mashine ya kubadili neno kila linapotokea, na tukaitumia bila kufikiri, leo tungekuwa na Ziwa Tanzania. Aidha, tungekuwa na chama kilichopigania uhuru wa Tanzania tangu mwaka 1954, wakati ambapo jina hilo halikuwapo kabisa. TANU yenyewe iliendelea kulibeba jina la Tanganyika ndani ya jina lake hadi Februari 5, 1977, ilipoungana na Afro-Shirazi Party kuunda CCM. Nchi ilibadili jina. Ziwa halikubadili, na chama hakikubadili kwa zaidi ya miaka kumi na miwili. Tofauti hiyo haimo katika herufi, maana herufi ni zilezile. Imo katika maana, na maana ilikaa vichwani mwa makarani na walimu.

Ama kuhusu chombo chenyewe, asili yake ni Marekani, katika maabara za kampuni ya simu zilizoitwa Bell Labs, huko Murray Hill, jimbo la New Jersey. Mwaka 1969 Ken Thompson na wenzake walianza kuunda mfumo wa kuendeshea kompyuta uliokuja kuitwa Unix. Thompson aliutengenezea programu ya kuhariri maandishi iliyoitwa ed. Mtu alifungua faili moja, akatoa amri, na ed ikatafuta neno na kulibadili. Lakini kompyuta za siku zile zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na maandishi marefu hayakuenea ndani ya ed.

Mwenzao mmoja, Lee McMahon, alikuwa na swali la kihistoria. Alitaka kuchunguza mkusanyo mashuhuri wa makala 85 zilizoandikwa Marekani mwaka 1787 na 1788 kutetea katiba mpya ya nchi hiyo. Waandishi wake, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, walificha majina yao, na baadaye ukatokea ubishi kuwa baadhi ya makala ni za nani. McMahon alipotaka kutafuta maneno fulani katika makala hizo, ed ilishindwa kuzibeba. Thompson akakitoa ndani ya ed kile kipande kinachotafuta, akakifanya programu peke yake, ikaitwa grep. Kati ya mwaka 1973 na 1974 McMahon mwenyewe akatengeneza programu ya kubadili maneno katika maandishi marefu, ikiyapitisha mstari baada ya mstari kama maji yanavyopita katika mfereji, bila kulibeba faili zima kwa mara moja. Hiyo ndiyo sed. Mwaka 1979 ilisambazwa pamoja na toleo la saba la Unix, na mpaka leo imo katika kompyuta zisizo na idadi duniani.

Naomba msomaji ayashike vizuri hayo niliyosema juu ya makala 85, maana ndani yake limo fundisho. Wachunguzi walikuta kuwa Hamilton alizoea kuandika neno "while" pale ambapo Madison aliandika "whilst". Kwa maana, maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Kwa mwanahistoria ni kama alama za vidole. Mwaka 1964, Frederick Mosteller na David Wallace walitoa kitabu kilichohesabu maneno madogo ya namna hiyo, wakafikia uamuzi kuwa makala zilizobishaniwa ni za Madison. Sasa tuseme mhariri mmoja mwenye kupenda usafi angekuwa ameyasawazisha maneno hayo zamani, ili kitabu kisomeke vizuri. Usomaji usingepungukiwa na kitu, lakini ushahidi ule ungekuwa umefutika. Chombo kilichozaliwa katika kazi ya kutofautisha mkono na mkono kinaweza pia kuifanya mikono yote ionekane mmoja. Hicho ndicho kitendawili cha sed.

Huku kwetu kompyuta haikuja kwa haraka. Kompyuta ya kwanza serikalini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye, hesabu za serikali zilipohamishiwa katika mashine zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo, wakati McMahon anamaliza chombo chake, sisi tulikuwa tunafunga mlango. Sisemi hivyo kuwacheka viongozi wa wakati ule. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba mashine isiyosimamiwa hueneza kosa kwa kasi ileile inayoeneza usahihi. Dawa waliyochagua ilikuwa kali mno, lakini ugonjwa waliouona ulikuwapo.

Sasa nieleze kazi inavyofanyika, kama mjukuu wangu alivyoniandikia katika karatasi. Ndani ya kompyuta kuna programu inayoitwa sheli, ambayo hupokea amri za mtu kwa maandishi. Amri zikiandikwa kwa mfuatano ndani ya faili ili zitekelezwe zote pamoja, faili hilo huitwa skripti. Skripti ya kuisawazisha Shirati katika mafaili yote ni fupi kama hivi:

for f in *.txt; do sed -i.bak 's/Schirati/Shirati/g' "$f"; done

Tafsiri yake ni hii: lichukue kila faili lenye mkia wa .txt, moja baada ya jingine, na ndani yake badilisha Schirati kuwa Shirati. Herufi s ni amri ya kubadilisha. Mistari ya mshazari hutenga neno la zamani na neno jipya. Herufi g mwishoni husema neno libadilishwe kila linapotokea katika mstari, si pale linapotokea kwanza tu. Kile kipande cha -i.bak huiagiza sed ilibadilishe faili lenyewe, lakini iache kando nakala ya faili la zamani yenye mkia wa .bak. Hapo pana hatari ambayo wengi hawaijui. Skripti ikiendeshwa mara ya pili, nakala mpya huifunika ile ya kwanza, na nakala mpya ni ya faili ambalo limekwisha kubadilishwa. Mtu anabaki akidhani kuwa anayo ya asili, kumbe ya asili imekwenda.

Kwa sababu hiyo nilimwambia mjukuu ayanakili mafaili yote kwenye diski nyingine kwanza, tuiweke kabatini, ndipo tujaribu juu ya nakala. Akafanya hivyo. Schirati ikawa Shirati bila taabu yoyote, maana hakuna neno jingine la Kiswahili linalofanana nayo. Lakini majina ya kwetu mengine si wapole kama hilo.

Chukua Kulia, tahajia ya zamani ya Kuria. Tukiibadilisha kuwa Kuria, bila kujali herufi kubwa na ndogo, mkono wa kulia unakuwa mkono wa kuria, na mtoto aliyeanza kulia anaanza kuria. Utasema, tuzingatie herufi kubwa. Vema, lakini sentensi ikianza kwa "Kulia kwa barabara kuna kisima," hapo herufi kubwa ipo na kosa lipo. Chukua Nata, tuliyotaka iandikwe Natta. Herufi hizo nne zimo ndani ya "anataka" na "wanatakiwa", na usipoangalia utapata "anattaka". Ikoma imo ndani ya "ilikoma". Na Mara yenyewe, jina la mto na la mkoa wetu, ni neno ambalo Kiswahili hakiwezi kupumua bila yake: mara moja, mara kwa mara, na tena limejificha ndani ya imara, maradhi na marafiki. Mashine haijui kama inatazama mkoa au ugonjwa. Yenyewe inaona m, a, r, a.

Wenye ujuzi wana dawa ya jambo hilo. Wanaiambia sed ishike neno pale tu linaposimama peke yake, likiwa na mpaka huku na huku. Kwa Kiingereza dawa hiyo hutosha mara nyingi. Kwa lugha zetu za Kibantu inaponya donda moja na kufungua jingine, kwa kuwa maneno yetu hubeba viambishi. Ukiiambia mashine ishike Kurya iliyosimama peke yake, itawaacha Mkurya, Wakurya, Kikurya na Ukurya walivyokuwa. Ukiuondoa mpaka, utawapata wote hao, na usiowataka pia. Geuza upande, utake Kuria iwe Kurya, kama wengi upande wa Tanzania wanavyoandika, basi utakutana na mwanamume wa Kikikuyu kutoka Kenya, ambaye Kuria ni jina lake alilopewa na wazazi, wala hana uhusiano wowote na milima ya Tarime. Skripti itambatiza upya bila kumwuliza.

Hata hivyo, makosa hayo ni ya juu juu. Mtu mwenye subira huyaona na kuyasahihisha. Yapo ya chini zaidi, ambayo hayaonekani hata ukisoma mara mbili, kwa sababu neno jipya linakaa vizuri katika sentensi, ila si la kweli.

Wakati wa Waingereza eneo la kaskazini ya Mto Mara lilikuwa Wilaya ya North Mara, na makao yake makuu Tarime. Baadaye wilaya ikaitwa Tarime. Mtu anaweza kuona ni jambo jema kuibadilisha North Mara kuwa Tarime kila mahali, ili vijana wasichanganyikiwe. Lakini ule mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, jina lake ni North Mara mpaka leo. Skripti itaufanya kuwa mgodi wa Tarime, na anayetafuta habari zake hataziona. Na ingalikuwa mgodi haupo, bado pangekuwa na tatizo la pili. Mwaka 2007 Wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime. Tarime ya mwaka 1980 ilifika mpaka ziwani, na Shirati ilikuwa ndani yake. Tarime ya sasa haifiki huko. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Shirati mwaka 1980 alizaliwa Wilaya ya Tarime, na cheti chake kikisema hivyo kinasema kweli, ingawa leo Shirati imo Rorya. Je, tubadilishe Tarime kuwa Rorya? Tukibadilisha zote tunaongopa kuhusu Nyamwaga na Sirari. Tukiziacha zote, kijana wa leo atamtafuta babu yake katika wilaya isiyo yake. Hakuna amri ya s na g inayoweza kulitatua hilo, kwa sababu swali haliko katika neno. Liko katika mwaka ambao neno liliandikwa.

Serengeti ni vivyo hivyo. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Wilaya ya Serengeti, yenye makao yake Mugumu, ilimegwa kutoka Musoma katika miaka ya 1970. Mzee aliyesema mwaka 1960 kwamba "tulikatazwa kuwinda Serengeti" hakuwa anasema juu ya wilaya. Alikuwa anasema juu ya mbuga ambayo baba zake waliwinda kabla ya mipaka kuwekwa. Ukimwongezea neno "Wilaya ya" mbele ya Serengeti yake ili maandishi yote yalingane, umemnyang'anya lalamiko lake.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwangu mimi, niliyeshika rejista kwa miaka mingi, ni zito kuliko yote. Nalo ni majina ya watoto.

Kikuria kina irabu 7, na ndivyo ilivyo kwa majirani zake kama Kiikoma na Kingoreme. Kiswahili kina 5. Sisi walimu tulifundishwa kuandika kwa herufi za Kiswahili, kwa hiyo tulipoandika majina ya watoto wa Kikuria tulibana sauti saba katika herufi tano. Tena kuna ile b ya Kikuria ambayo midomo haifungi sawasawa, na ile g ya kooni. Baadhi yetu tuliandika Bhoke, Robhi na Ghati. Wengine wakaandika Boke, Robi na Gati. Mzazi hakuulizwa. Mtoto alilipokea jina kama alivyolikuta ubaoni, akalibeba hadi darasa la saba, na wakati mwingine hadi cheti cha kidato cha nne. Ndipo anapofika mbele ya dirisha la ofisi fulani, akiwa na cheti cha kuzaliwa chenye Bhoke na cha shule chenye Boke, anaambiwa kuwa hao ni watu wawili. Ataapa kiapo cha majina, atalipa nauli, atarudi kesho. Nimewaandikia watu wengi barua za namna hiyo, kuwathibitisha kuwa wao ni wao.

Kwa mtu aliyeona taabu hiyo, kishawishi cha kusawazisha ni kikubwa. Amri moja tu, Bh iwe B kila mahali, na ugomvi umekwisha! Lakini sikiliza. Katika rejista moja niliyoinakili, darasa moja lilikuwa na wasichana wawili wenye jina hilohilo, na baba zao pia waliitwa jina moja, kama inavyotokea mara nyingi kwetu, kwa kuwa majina ya Kikuria hurudiarudia katika kila ukoo. Mwalimu aliyeshika rejista ile alikuwa mwerevu. Mmoja alimwandika kwa bh, wa pili kwa b peke yake, na mwaka mzima akaweka mahudhurio yao na karo zao kwa tofauti hiyo ya herufi moja. Mmoja wao alimaliza darasa la saba. Mwenzake aliacha shule akiolewa kabla ya kumaliza. Leo yule aliyemaliza ni mama mtu mzima, na rejista ile ndiyo shahidi pekee aliyebaki kuwa alimaliza. Endesha skripti, na katika nukta moja mahudhurio ya wawili yanakuwa ya mmoja, na hakuna awezaye kusema tena nani alimaliza na nani aliacha.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Kuna badiliko linalorudi na badiliko lisilorudi. Ukiibadilisha Schirati kuwa Shirati, na hapakuwa na Shirati nyingine humo, unaweza kesho kuirudisha ilivyokuwa. Lakini ukiyachukua maneno mawili ukayafanya moja, hakuna amri ya kuyatenganisha, kwa maana mashine haikumbuki lipi lilikuwa lipi. Maji yakimwagika hayazoleki. Na mabadiliko mengi ambayo watu huyaita ya kusafisha ni ya aina hiyo ya pili.

Basi tulifanyaje? Mafaili ya asili hatukuyagusa. Makosa ya wazi ya upigaji chapa tuliyasahihisha moja moja, tukilinganisha na karatasi. Kwa majina, badala ya kubadili tulitengeneza faili moja la pembeni, kama orodha: tahajia iliyomo, tahajia ya sasa, mahali au watu wanaokusudiwa, na miaka ambayo jina hilo lilitumika kwa maana hiyo. North Mara ina mistari miwili, wa wilaya na wa mgodi. Tarime ina mistari miwili, wa kabla ya mwaka 2007 na wa baada yake. Anayetaka kusoma habari za Wakuria hutumia grep, yule ndugu wa sed asiyebadili kitu, na kumwagiza atafute Kulia, Kuria na Kurya kwa pamoja. Mjukuu wangu aliandika agizo lenyewe kwa ufupi, [Kk]u[lr][iy]a, na likaleta zote. Likaleta pia mkono wa kulia na mtoto aliyeanza kulia, lakini hao tuliwatambua kwa macho tukawapita. Kutafuta kwa upana na kubadili kwa uchache: hiyo ndiyo kanuni tuliyoifuata.

Najua baadhi ya wasomaji watasema kuwa haya ni mambo ya mzee mwenye muda mwingi. Lakini siku hizi rejista za shule, daftari za vijiji na vitabu vya zahanati vinaingizwa katika kompyuta, na kazi hiyo wanapewa vijana wenye haraka, ambao wengi wao hawakumbuki wakati Rorya ikiwa Tarime. Chombo wanacho, nacho ni kizuri. Mimi mwenyewe nakisifu. Ninachowaomba watendaji na walimu wenzangu ni mambo matatu mepesi. Karatasi ya asili isitupwe eti kwa kuwa imekwisha kuchapwa. Nakala ya kwanza iwekwe mahali ambapo skripti haifiki. Na kabla ya kuyafanya majina mawili kuwa moja, aulizwe mtu wa mahali hapo, mwenye kuwajua wenye majina hayo.

Mama yule niliyemtaja alikuja kwangu akiwa na bahasha. Tulifungua nakala ya rejista, nikamwonyesha mstari wake. Aliweka kidole juu ya jina, akalisoma herufi kwa herufi, akasema, "Mwalimu, ni mimi. Huyu wa chini ni mwenzangu." Nikamwandikia barua yake, nikalinakili jina kama lilivyoandikwa.